Kitambaa cha Paspoti

Miaka ishirini na sita nasema maneno yaleyale:
kidevu juu kidogo, masikio yaonekane, usicheke.
Serikali haitaki meno.
Studio yangu ipo Kiborloni, milango miwili kutoka kwa fundi saa:
kigoda kisicho na mgongo, taa mbili, moja mgonjwa,
na ukutani kitambaa cha buluu
nilichonunua mwaka ule kahawa ilipolipa.

Aikande alikuja kujifunza kazi, akanitia hasara.
Nikimtuma betri, anarudi na picha:
povu la sabuni likikimbia mtaroni na jua tumboni,
kandambili mbili zisizo ndugu zikingojana mlangoni,
mfuko wa rambo ulioponyoka marufuku
umenasa kwenye seng'enge, umevimba upepo
kama mtu aliyetaka kusema jambo akalisahau.
Nikamwuliza, sasa hii atainunua nani?
"Sijui, mjomba. Nimeiona tu."

Wageni wakishuka kwenye magari huuliza Mlima uko wapi,
na Mlima ukijifunika wingu wananuna kama wamedhulumiwa.
Yeye huupa mgongo.
"Ule haukimbii," husema.
"Mvuke wa chai ndio wenye haraka."

Jumamosi moja akaomba uwanja wa nyuma.
Akafunga kamba tatu za kuanikia nguo,
akabana picha kwa vibanio, kila moja kubwa kama foronya.
Watu walikuja wakidhani kuna msiba.
Walipoona hakuna wali, nusu waliondoka.

Mama Ndeshi wa maziwa akasimama mbele ya debe,
debe limebonyea ubavuni,
na alfajiri nzima imekaa pale palipobonyea
kama yai lililopata kiota.
"Debe la nani hili?"
"Lako, mama."
"Langu! Acha uongo. Langu lilikanyagwa na bodaboda."
Akasogea. Akapagusa pale kwa kidole, karatasini,
polepole, kama unavyogusa utosi wa kichanga.
Jumatatu alipita barabarani kama kawaida,
ila upande uliobonyea ameugeuzia watu.

Mimi nilikuwa nazunguka tu, mikono nyuma, kama mkaguzi.
Kamba ya tatu, mwisho kabisa, karibu na choo:
picha ya buluu tupu.
Nikadhani karatasi imeharibika.
Kisha nikaona katikati ya buluu weusi hafifu,
mviringo, kama mwezi uliofutwa na mtu mvivu.

Kitambaa changu.

Pale walipoegemeza visogo.
Mafuta ya nazi, jasho la waliotembea kutoka Uru,
vumbi la Pasua, dawa ya nywele ya bibi harusi.
Kijana aliyekwenda Uarabuni, hajaandika mpaka leo.
Bibi aliyepigwa picha ya kwanza maishani
ili alipwe mafao ya marehemu.
Na yule mtoto wa kitambulisho cha shule
ambaye wiki mbili baadaye baba yake alirudi,
akaniomba niikuze, iwekwe juu ya jeneza.
Wote niliwakata mabegani,
nikawapa vipande vinne kwenye bahasha, nikadai changu.
Wote waliacha kitu, nami nikakiita uchafu.
Nilishapanga kukifua kabla ya Krismasi.

Aikande alikuwa mbali, anagombana na kibanio.
Sikumwita. Ningemwambia nini?
Jirani alikuwa amewasha kuni mbichi,
macho yakaniwasha, basi.

Jana kaja mteja, mwanafunzi wa chuo, ana haraka,
begi hataki kulivua.
Kidevu juu kidogo, nikamwambia. Masikio.
Akaegemea.
Kisogo chake kikakaa palepale, juu ya wale wote,
na kwenye shavu lake taa mgonjwa ikapepesa,
ikashika, ikapepesa.
Nikachelewa kubonyeza.
"Vipi, mzee, kamera imegoma?"

Tulia, nikamwambia.
Bado naangalia.